Maswali ya Wasomaji: Plasma na Uso wa Plastiki za Tiba

Katika toleo lililopita tulieleza kwa ufupi kwamba plastiki nyingi zinazotumika hospitalini na maabarani hupitishwa kwanza katika plasma, yaani gesi iliyotiwa umeme hadi ikang'aa, ili uso wake ukubali maji, gundi au seli. Plasma hii haihusiani na ile ya damu. Barua zilizofuata zimeuliza mambo ya msingi ambayo maelezo yetu hayakuyagusa, na tumechagua sita za kujibu hapa.

Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili mjini Morogoro. Maabara yetu iliishiwa sahani za kukuzia seli, nikatumia sahani za petri tunazokuzia bakteria. Zote ni za polistirini, zote ni angavu, na zote zilitoka kwenye pakiti zilizofungwa. Kesho yake fibroblasti, yaani seli za tishu unganishi, zilikuwa zinaelea mafungu mafungu, ilhali katika sahani moja ya seli iliyokuwa imebaki zilikuwa zimetandaa vizuri. Tofauti ni nini?

Tofauti haimo ndani ya plastiki bali katika tabaka la juu kabisa, ambalo unene wake kwa kawaida haufiki nanomita 10, wakati unywele wa binadamu una unene wa nanomita zipatazo 80,000. Hadubini yako haiwezi kuliona tabaka hilo, lakini tone la maji litakuonyesha kwamba lipo. Chukua sahani moja ya kila aina ambayo hutaitumia kwa seli, udondoshe katika kila moja tone la maji yaliyokenekwa, kwa pipeti ileile na ujazo uleule, kisha uiname ulitazame tone kwa ubavu, macho yakiwa usawa wa meza. Katika sahani ya bakteria tone litasimama likiwa limevimba, na pembe kati ya ukingo wake na plastiki, ambayo huitwa pembe ya mguso, itakaribia nyuzi 90. Katika sahani ya seli tone litalala na kutanuka, na pembe hiyo itashuka hadi nyuzi 60 hivi au chini yake.

Polistirini inapotoka kwenye kalibu imejengwa kwa kaboni na hidrojeni tu, na uso wa namna hiyo hauna mahali ambapo maji yanaweza kujishikiza. Kiwandani, sahani za seli huingizwa katika plasma ya oksijeni au ya hewa, au hupitishwa kwenye umeme wa korona, ambao hutoa plasma katika hewa ya kawaida bila kuhitaji chombo kilichoondolewa hewa. Elektroni, ioni na mwanga wa urujuanimno huugonga uso, huvunja vifungo vya kaboni na hidrojeni, na huacha radikali huru, yaani atomi zenye elektroni isiyo na mwenzake, ambazo hunasa oksijeni papo hapo. Hivyo huzaliwa vikundi vya hidroksili, kabonili na kaboksili pale ambapo hapakuwa na kitu cha namna hiyo. Plastiki iliyo chini ya tabaka hilo haikuguswa, kwa hiyo uangavu, ugumu na umbo la sahani havibadiliki, na ndiyo maana sahani hizo mbili zinafanana kabisa machoni.

Sasa tuje kwenye seli zako. Fibroblasti haishiki plastiki moja kwa moja. Unapomimina mchanganyiko wa lishe wenye seramu, yaani majimaji ya damu iliyoganda, protini za seramu hutanda juu ya uso wa sahani kabla seli hazijatua, na seli inapofika chini hukutana na protini hizo. Miongoni mwake zimo vitronektini na fibronektini, ambazo seli huzitambua kwa vipokezi vyake viitwavyo integrini na kuzitumia kama mahali pa kujinatisha. Katika uso uliotibiwa protini hizi mbili hupata nafasi na hubaki na umbo linalotambulika. Katika uso usiotibiwa, albumini, ambayo ndiyo nyingi kuliko zote katika seramu, hujaza nafasi na kung'ang'ania, na hata fibronektini inayobahatika kutua mara nyingi hupotoka umbo kwa sababu ya uso unaokataa maji, hivyo sehemu ambayo integrini huitafuta hufichika. Leo Vroman, mtafiti wa damu mzaliwa wa Uholanzi aliyefanya kazi Marekani, alionyesha kwamba protini za damu hata hazitulii zikishatua, kwani zile zilizotangulia huondolewa na zinazofuata, na namna zinavyopokezana hutegemea uso wenyewe. Seli iliyokosa pa kushika hushikana na wenzake, na hayo ndiyo mafungu uliyoyaona yakielea.

Usidhani, hata hivyo, kwamba kadiri uso unavyopenda maji ndivyo seli zinavyoupenda. Uso unaolowa kupita kiasi hushikilia tabaka la maji ambalo protini hushindwa kulipenya, na wapo watafiti wanaotengeneza nyuso za namna hiyo kwa makusudi ili damu isigande juu yake. Vilevile, plastiki ikikaa katika plasma muda mrefu mno, minyororo yake hukatika vipande vifupi ambavyo huoshwa na maji mara ya kwanza, na tabaka ulilolitarajia huondoka navyo. Kiasi cha wastani ndicho kinachofaa.

Matokeo ya siku ile usiyachanganye na ya siku nyingine, hata kama hesabu ya seli inaonekana nzuri, kwa sababu seli zilizoelea na zilizoshika haziishi maisha sawa. Sahani za bakteria zina kazi yake hata kwa watu wa seli: makrofaji, ambazo ni seli za kinga, huzishika, na wengi huzichagua ili waweze kuzibandua seli hizo bila kuzijeruhi. Kwa fibroblasti, soma maandishi ya kwenye pakiti na uhakikishe kwamba yanasema sahani zimetibiwa kwa ajili ya kukuzia seli.

Mhariri mpendwa, ninafundisha fizikia Nakuru. Mliandika kwamba elektroni za plasma zina joto la makumi ya maelfu ya nyuzi. Wanafunzi wangu wanauliza kwa nini plastiki haiyeyuki, nami ningependa kuwapa jibu lenye hesabu.

Mwalimu, plasma hii ina makundi mawili yasiyokuwa na joto moja. Chombo huondolewa hewa hadi kanieneo iwe kama sehemu moja ya elfu ya ile ya hewa tunayovuta, au chini yake, kisha uwanja wa umeme, mara nyingi wa megahezi 13.56, huzisukuma elektroni huku na huku. Elektroni ni nyepesi, hivyo hupata mwendo mkubwa upesi. Nishati ya elektronivolti 1 ni sawa na joto la kelvini zipatazo 11,600, na elektroni katika mitambo hii kwa kawaida zina wastani wa elektronivolti chache. Molekuli ya oksijeni, kwa upande wake, ni nzito kuliko elektroni karibu mara 58,000, kwa hiyo elektroni inapoigonga hudunda na kuiachia sehemu ndogo mno ya nishati yake. Molekuli zenyewe ni haba katika kanieneo hiyo, na zilizopoteza elektroni ni sehemu ndogo sana ya hizo haba. Gesi hubaki na joto linalokaribia la chumba, na plastiki nayo vilevile.

Pamoja na hayo, kifungo cha kaboni na kaboni huvunjika kwa nishati ya takriban elektronivolti 3.6, na cha kaboni na hidrojeni kwa takriban 4.3. Elektroni zenye kasi kuliko wastani zinatosha kabisa kwa kazi hiyo. Nishati ni ya kutosha kuvunja kifungo kimoja kimoja lakini kwa jumla ni ndogo mno kuipasha plastiki nzima moto, na matibabu yote ya uso yanasimama juu ya jambo hilo.

Darasani unao mfano tayari ukutani au darini. Taa ndefu ya mrija ina mvuke wa zebaki na argoni katika kanieneo ndogo, na ikiwaka ndani yake kuna plasma ya aina hii hii, ilhali mwanafunzi anaweza kuugusa mrija bila kuungua. Aliyeipa gesi ya namna hii jina la plasma, mwaka 1928, ni Irving Langmuir wa Marekani.

Ninasomea uhandisi Dar es Salaam na ninatengeneza vijichipu vya kupimia damu kwa silikoni ya PDMS. Baada ya plasma ya oksijeni kijichipu kilishikana na kioo bila gundi, na maji yakaingia mferejini yenyewe. Niliacha kazi Ijumaa. Jumatatu kilikuwa kimeshikana vilevile, lakini maji hayaingii tena. Je, mashine yetu ni mbovu?

Mashine yenu ni nzima. Ulichokiona ni tabia ya silikoni, na anayefanya kazi na nyuso zilizotibiwa ni lazima aielewe kabla ya kulaumu chombo chochote.

Plasma ya oksijeni huondoa vikundi vya methili vilivyouzunguka uso wa PDMS na kuacha silanoli, yaani atomi ya silikoni yenye kikundi cha hidroksili. Ukikandamiza uso huo juu ya kioo kilichotibiwa vilevile, silanoli za pande mbili huungana, hutoa maji, na kuacha kifungo cha silikoni, oksijeni na silikoni. Kifungo hicho ni imara, ndiyo maana Jumatatu kijichipu kilikuwa bado kimeshikana. Lakini kuta za mfereji wako hazikuungana na kitu. Zilibaki wazi zikitazamana na hewa, na hewa si mahali ambapo silanoli hutulia. Minyororo ya PDMS hulegea na kujongea hata katika baridi kali, kwa kuwa joto la kugeuka kwake kuwa kigumu kama kioo ni karibu nyuzi 125 chini ya sifuri. Hivyo katika joto la Dar es Salaam minyororo hiyo hujizungusha na kuzificha silanoli ndani, na vipande vifupi ambavyo havikuungana wakati wa kupika silikoni hupanda kutoka chini na kutanda juu. Katika muda wa saa na siku uso hurudia tabia yake ya kuyakataa maji. Polistirini, ambayo hugeuka hivyo katika takriban nyuzi 100 juu ya sifuri, ina minyororo iliyotulia katika joto la chumba, na kwa hiyo sahani iliyotibiwa inaweza kukaa stoo muda mrefu na bado ikafaa.

Dawa ya kwanza ni kujaza mfereji maji mara tu baada ya kuunganisha na kuuacha umejaa hadi siku ya kazi, kwa sababu uso unaogusana na maji huzuia silanoli zisizame. Ya pili ni kuipika silikoni hadi iive kabisa, au kuiosha kwa kiyeyushi kinachotoa vipande vifupi, kabla ya kuitia katika plasma. Usijaribu kuongeza muda wa plasma kwa kudhani utaongeza uimara: kupita kiasi hutengeneza ganda gumu linalofanana na kioo, nalo hupasuka nyufa ambazo vipande vifupi hupandia upesi zaidi. Tena, katika daftari lako andika kila mara ni saa ngapi zimepita tangu matibabu hadi kipimo. Pembe ya mguso isiyotajiwa saa yake haina maana kwa msomaji, na ninaona ni kasoro kubwa kuichapisha hivyo.

Ninaishi Maskati na ninavaa lenzi za machoni za silikoni. Daktari aliniambia uso wake umetiwa plasma. Je, ni kama rangi inayoweza kubanduka ikaingia jichoni?

La, si kama rangi, na hofu hiyo unaweza kuiondoa, dada yangu. Mboni yako imefunikwa mbele na konea, ambayo haina mishipa ya damu na hupata oksijeni yake nyingi moja kwa moja kutoka hewani. Lenzi laini za zamani zilipitisha oksijeni kwa kiasi kile tu ambacho maji yaliyomo ndani yake yaliweza kuibeba. Silikoni hupitisha oksijeni kwa wingi zaidi, lakini uso wake huyakataa machozi na kuvutia mafuta, hivyo lenzi ya silikoni isiyotibiwa hukauka, huingia ukungu na kuumiza.

Lenzi za kwanza za silikoni-haidrojeli, zilizoingia sokoni mwaka 1999, zililitatua jambo hilo kwa plasma kwa njia mbili tofauti. Focus Night & Day ilifunikwa kwa utando mwembamba uliojengwa ndani ya plasma yenyewe, wenye unene wa takriban nanomita 25, uliofungamana na lenzi kwa vifungo vya kikemia. PureVision haikufunikwa kitu, bali plasma iligeuza sehemu za silikoni ya juu kuwa visiwa vidogo vya silikati vinavyopenda maji, na machozi huviunganisha visiwa hivyo kwa kutanda juu yake. Lenzi kadhaa zilizofuata ziliacha kabisa plasma na kuchanganya ndani ya lenzi yenyewe polima inayopenda maji, kwa hiyo muulize daktari wako lenzi zako ni za kundi lipi kama ungependa kujua.

Uso huo haukukingi na uzembe. Mwaka 1999 ulifungua njia ya lenzi ambazo Marekani iliziruhusu mwaka 2001 kuvaliwa hadi usiku 30 mfululizo, lakini kulala na lenzi bado huongeza hatari ya maambukizi ya konea, hata kwa silikoni bora. Usizioshe kwa maji ya bomba, kwa kuwa ndani yake huweza kuwamo akantamiba, kijidudu ambacho huharibu konea na matibabu yake ni marefu na magumu.

Mpwa wangu aliungua na mafuta ya moto. Nimesikia kuna plastiki inayobeba seli za ngozi na kuziweka juu ya jeraha. Ni kweli? Msomaji wa Tanga.

Pole sana kwa yaliyompata mpwa wako. Ni kweli, na ni mojawapo ya kazi nzuri kabisa zilizowahi kufanywa kwa plasma.

Tangu mwaka 1975, James Rheinwald na Howard Green walipoonyesha nchini Marekani namna ya kuzikuza seli za ngozi ya juu kwa wingi maabarani, iliwezekana kuchukua kipande kidogo cha ngozi ya mgonjwa na kukikuza hadi kikawa kikubwa cha kufunika jeraha pana. Ugumu ulikuwa katika kuihamisha ngozi hiyo. Ilibidi kusubiri wiki kadhaa hadi seli ziungane kuwa utando kamili, kisha utando huo ubanduliwe kwa kimeng'enya, nao ulikuwa mwepesi kuchanika na kukunjamana mikononi mwa daktari. Isitoshe, seli zilizokwisha kuungana zimepunguza kasi ya kugawanyika, wakati jeraha linahitaji seli zenye nguvu ya kuhama na kuzaliana.

Katika Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, Sheila MacNeil, Robert Short na wenzao walitengeneza kitambaa cha silikoni laini kilichofunikwa kwa utando wa asidi ya akriliki uliojengwa katika plasma, na bidhaa iliyotokana nacho iliitwa Myskin. Mvuke wa asidi hiyo huingizwa katika chombo, na umeme hutiwa kwa nguvu ndogo ili molekuli ziungane juu ya silikoni bila kupoteza vikundi vyote vya kaboksili. Wingi wa vikundi hivyo ndio ufunguo wa kazi nzima. Vikiwa haba, seli hazishiki wala hazikui. Lakini uso huo haupaswi kuzishika seli daima, kwa sababu zinatakiwa kuondoka: kitambaa hugeuzwa, upande wenye seli ukalazwa juu ya jeraha zikiwa bado zinagawanyika, nazo huuacha utando na kuhamia mwilini. Baada ya siku chache kitambaa huondolewa.

Seli hizo hujenga ngozi ya juu tu. Jeraha lililokwenda chini na kuharibu ngozi ya ndani huhitaji tishu nyingine chini yake, na kwa majeraha ya namna hiyo, kupandikiza ngozi iliyotolewa pajani au sehemu nyingine ya mgonjwa mwenyewe bado ndiyo tiba ya kawaida. Mpeleke mpwa wako akaonwe na daktari wa upasuaji wa majeraha ya moto mapema, kabla kovu halijakaza viungo, wala msichelewe kwa kusubiri kitambaa hiki.

Mimi ni muuguzi Kigoma. Maelezo ya mtengenezaji wa mpira wa mkojo yanasema uso wake umetibiwa kwa plasma. Mwenzangu anasema maana yake hauwezi kushika vijidudu, hivyo unaweza kuoshwa na kutumika tena. Tufuate lipi?

Usiutumie tena. Kutibiwa kwa plasma katika maelezo hayo kuna maana kwamba uso umeandaliwa ili utando unaoteleza ushike vizuri, na utando huo upo kwa ajili ya kupunguza mchubuko katika njia ya mkojo. Kuuosha na kuuchemsha huuharibu, na bakteria hujenga utando wao juu ya silikoni na mpira hata pale uso ulipotibiwa vizuri kabisa.

Huenda mwenzako amesikia habari za mashine za hospitali zinazoua vijidudu kwa mvuke wa hidrojeni peroksaidi na plasma, ambazo zimekuwa sokoni tangu mwaka 1993. Hizo ni kitu kingine. Humo, kazi kubwa ya kuua hufanywa na mvuke wa peroksaidi, na plasma husaidia kuuvunja mvuke uliobaki kuwa maji na oksijeni ili vifaa vitoke salama. Zinafaa kwa vyombo visivyostahimili joto la otoklevu, vikiwa vikavu kabisa na bila karatasi wala pamba, kwa kuwa hizo hufyonza peroksaidi na kuikatiza kazi. Hata mahali penye mashine hiyo, chombo kilichotengenezwa kutumika mara moja hakiingizwi humo ili kitumike mara ya pili.

Geuza pakiti utazame alama mbili. Maneno "STERILE EO" yanaeleza kwamba vijidudu viliuliwa kwa gesi ya ethilini oksidi, na hakikisho hilo linakoma pakiti inapofunguliwa, kuchanika au kupitisha tarehe yake. Duara lenye namba 2 iliyokatwa kwa mstari linamaanisha kwamba kifaa hicho ni cha mgonjwa mmoja kwa mara moja.